Nilishtakiwa kwa Kuendesha Gari Nikiwa Kiti cha Abiria

Siku niliyokamatwa kwa kuendesha gari nikiwa nimelewa, nilikuwa nimekaa kiti cha abiria. Usukani alikuwa nao mama mkwe.

Msicheke kwanza.

Mimi ni mwalimu wa udereva, mwaka wa kumi na moja huu. Gari letu la kufundishia lina breki mbili: moja ya mwanafunzi, nyingine miguuni pa mwalimu. Mama mkwe alikuwa mwanafunzi wangu. Alishafeli mtihani mara mbili, na mara zote mbili, kwa maelezo yake, kosa lilikuwa la mtahini.

Jumamosi mchana mimi na mama mkwe tulitoka na gari hilo kwenye sherehe ya shemeji yangu. Nilikuwa chakari. Mama, ambaye hata soda huinywa kwa mashaka, akaninyang'anya funguo. Nikaona huo ndio uungwana.

Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu gari likasimama, taratibu kabisa. Askari wa barabarani akasogea. Akanusa. Akanipa kidude nipulize.

"Mwalimu ni wewe?"

"Ndiyo, afande."

"Basi dereva ni wewe."

Kwa wanaotaka kujua mahakamani kukoje: hakuna anayekufokea. Unakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka miguu inakufa ganzi, huku karani akiita watu wengine. Ukiitwa, unasomewa shtaka kwa dakika moja na kuulizwa kama ni kweli.

Nikasema si kweli. Mke wangu akanidhamini, nikapewa tarehe.

Hapo roho ilikuwa mkononi. Nikipatikana na hatia, leseni inakwenda na kazi inakwenda nayo, na sina kazi nyingine ninayoijua. Utetezi wangu ukawa mmoja tu: sikugusa kitu. Shahidi wangu, mama mkwe.

Siku ya kesi alivaa kama anayekwenda kupokea tuzo. Akamsimulia hakimu safari nzima, kona kwa kona. Mwendesha mashtaka akamuuliza mimi nilisaidia nini.

"Huyu? Alikuwa anakoroma. Pale kivukoni nilisimama mwenyewe. Hata mkoba wangu haukuanguka kitini."

Nikashusha pumzi. Nimepona.

Hakimu akavua miwani. Akauliza kama mama ana leseni. Hana. Akauliza kama mwanafunzi anaruhusiwa kuendesha na mwalimu aliyelala. Haruhusiwi. Akamwambia mwendesha mashtaka atazame kama mama naye hastahili shtaka lake.

Mke wangu akageuka kunitazama. Jicho lile sitalisahau.

Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, sikuwa nimelala. Breki ya kivukoni niliikanyaga mimi."

Na huo ndio ukweli niliokuwa nimeuficha siku zote. Watu walikuwa wanavuka, mama anajitazama kwenye kioo. Kichwa kilikuwa kimelewa, mguu haukulewa.

"Muongo huyo," mama akasema. "Mheshimiwa, nishtakini mimi. Nilisimamisha mwenyewe."

Alikuwa radhi afungwe, lakini breki ile asinyang'anywe.

Hakimu akachoka na ubishi. Gari lilikuwa uani kama kielelezo. Akaagiza geti lifungwe, akakaa kiti changu, mama akashika usukani, na sisi wote tukasimama kibarazani na mafaili yetu.

Walikwenda kama hatua ishirini kuelekea ukutani. Kisha gari likasimama kwa kishindo.

Hakimu akateremka akijifuta jasho.

"Mahakama imejionea," akasema. "Breki nimekanyaga mimi."

Hukumu ikasomwa palepale: nina hatia, leseni imefungiwa mwaka mzima. Mama akapewa onyo, akaachiwa.

Tulirudi kwa miguu. Kazi sina, ila mama wa mke wangu alikuwa huru pembeni yangu, na moyoni nilikuwa na furaha ya ajabu. Nikangoja walau asante.

"Wewe mwakani watakurudishia leseni yako," akasema. "Mimi breki yangu nani atanirudishia?"

Wenzangu, ukishakunywa, liache gari, hata hicho kiti cha abiria. Na kabla hujamleta mtu kukutetea mahakamani, ujue kwanza yeye anatetea nini.