Chokaa ya Deolinda

Deolinda binti Teodomiro alirithi shamba la baba yake, lile lililo nyuma ya kanisa letu la Mama wa Rozari, huku kaskazini mwa jimbo la Minas. Nilisoma naye mpaka darasa la nne, nikamsimamia mwanawe ubatizo. Ninayoandika sikusimuliwa na mtu.

Enzi za Teodomiro shamba lile lilijaza maghala ya maharage. Kila mwaka alimwaga majivu ya jikoni, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kisha ikaja gesi, majivu yakakoma. Ikaja mbolea ya mifuko, nyeupe kama sukari, na kila msimu shamba lilitaka zaidi. Maharage yakaanza kuota manjano, dhaifu, kama watoto wenye minyoo. Majirani waliwauzia watu wa mkaa mashamba, nao wakapanda mikaratusi ya kuchoma. Mwisho mnunuzi wao akamfikia Deolinda.

“Mama, unajichosha bure. Mkaratusi hauchagui udongo.”

“Msimu huu nikivuna, usikanyage tena uani kwangu,” alimjibu. “Nisipovuna, njoo uchukue.”

Na Deolinda akisema, amesema.

Mwezi wa nane, katikati ya kiangazi, akaja bwana shamba, kijana anaitwa Valdir. Akachimba, akatoa bua la mahindi.

“Hili la lini, mama?”

“La mwaka juzi.”

“Na halijaoza. Hebu nusa udongo.”

Deolinda akanusa. “Haunuki kitu.”

“Ndiyo shida. Udongo hai hunuka kama mvua ya kwanza. Huu umejaa asidi. Mle ndani mna viumbe wadogo, jicho haliwaoni. Wengine huozesha mabua, wengine hukaa kwenye vinundu vya mizizi ya maharage wakiyatafutia chakula hewani. Asidi imewashinda.”

“Wanataka nini hao?”

“Chokaa. Ndiyo inayopoza asidi. Ichanganywe na udongo sasa hivi, kabla ya mvua. Ukichelewa, msimu umekwenda.”

Halmashauri ikaleta lori la chokaa ya shamba, bure. Lakini njia ya kwake ni nyembamba, dereva hakutaka maneno mengi, akaimwaga uani kwa kanisa.

Sasa, kila Oktoba kabla ya sikukuu ya Rozari sisi hupaka kanisa chokaa. Mzee Honorato, mtunza kanisa, alipofungua mlango asubuhi akakuta kilima cheupe, akapiga kengele.

“Mama wa Rozari kajiletea mwenyewe!”

Deolinda akaja mbio, kitambaa cha kichwa mkononi. “Mzee, hiyo ni ya shamba langu!”

“Hee! Mama wa Mungu anakuomba unga kidogo tu, nawe unabana? Ungekuwepo kule harusini Kana, divai ungeificha uvunguni!”

Watu wakacheka. Wanawake sote tulikuwa pale na ndoo zetu. Nani angesema hapana mbele ya mlango ule?

“Chukueni basi,” akasema. “Itakayobaki ni yangu.”

Haikubaki. Chokaa ya shamba haishiki ukuta. Tulipaka, ikakauka, ikapukutika, tukapaka tena, na tena, Honorato akihimiza, “Ongezeni, Mama anapenda weupe!” mpaka tukafagia chini. Ngoma zikapigwa, wachezaji wakaja na tepe zao za rangi, kanisa likang'aa. Sisi wanawake tulichagua maharage ya sufuria kubwa tukiwa tumekaa chini ya ukuta, yaliyosinyaa tukiyatupa papo hapo.

Mvua ya kwanza ikalivua kanisa nguo. Maji meupe yakatiririka ukutani mpaka chini.

“Lori jingine?” Deolinda alimuuliza Valdir.

“Mpaka mwakani, mama.”

Akapanda hivyo hivyo. Nilimsaidia kupalilia. Maharage yaliota manjano, yakatoa maua machache, yakaishia hapo.

Januari nilimkuta kasimama nyuma ya kanisa. Chini ya ukuta, pale yalipokauka yale maji meupe, maharage tuliyotupa yalikuwa yameota, kijani cha kukolea, yamebeba. Akang'oa shina moja. Mizizi ilikuwa na vinundu kama punje za uwele. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani chekundu kama ufizi.

“Kumbe wapo, shoga,” akasema. “Walikuwa wapo siku zote.”

“Mwombe yule mnunuzi msimu mmoja tu.”

“Nimwombe kwa mdomo upi? Huu huu? Na mpaka mwakani wajukuu wale nini, tepe za ngoma?”

Nyumbani kwangu pia palikuwa na debe tupu.

Gari la mnunuzi lilikuwa limeshafika shambani. Vijana wake wakashuka na vigingi, wakaanza kupima toka kwenye kisima cha Teodomiro. Bwana mwenyewe akavua kofia kwa adabu.

“Nimekuja, mama, kama ulivyosema.”

“Nimekuona.”

Alibaki amelishika lile shina, udongo ukidondoka kwenye mizizi, akiwatazama wakipigilia.