Kiapo cha Sanad na Pikipiki za Umeme

Shemeji yangu Sanad ana mdomo. Simsengenyi, kwani mbele yake nasema vibaya zaidi. Kwa miaka thelathini na moja ameuza pikipiki hapa Muharraq, Bahrain, zile za petroli zinazoamsha mtaa mzima, na kwa miaka hiyohiyo amekuwa akiapa kwa talaka ya dada yangu Moza. Mgeni akikataa kuongezwa wali: "Mke wangu ameachika usipokula!" Mtu akibisha kwamba samaki si wa leo: "Moza si mke wangu kama huyu hakuvuliwa asubuhi!" Sisi barazani tunacheka na kuongezeana kahawa. Hata mimi, kaka mtu, nilikuwa nacheka.

Kisha zikaja pikipiki za umeme. Mwanzoni moja moja: Mnepali wa kupeleka chakula anapita kimya, humsikii mpaka akuguse kisigino. Halafu migahawa ikaanza kuagiza kwa makumi, maana dereva hapangi tena foleni ya petroli. Anafika kwenye kibanda cha kubadilishia betri, anachomoa betri iliyokwisha kama mtungi wa gesi, anapachika iliyojaa, huyo kaenda. Wateja wa Sanad wakawa wanaingia dukani, wanauliza za umeme, wanakunywa chai yake na kuondoka.

Basi jioni moja barazani akapandwa na mori.

"Ile ni pikipiki ile? Ile ni blenda yenye magurudumu! Jamani, shuhudieni: blenda moja ikivuka kizingiti cha duka langu, Moza ameachika, talaka tatu!"

Tukacheka. Lakini jengo la duka lile ni la Moza, alilirithi kwa marehemu baba yetu. Na hakuna aliyejua, mumewe akiwa wa kwanza kutojua, kwamba Moza alikwisha kuagiza pikipiki ishirini za umeme kwa pesa zake mwenyewe.

Lori lilifika kesho yake, Jumanne. Moza akashuka garini, abaya ameikunja kiganjani. Sanad amesimama mlangoni, mikono kaitanua huku na huku.

"Baba Faraj, sogea."

"Sisogei. Kwani hukusikia nilivyoapa?"

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia."

"Basi zirudishe!"

Moza akamtazama toka kilemba mpaka kandambili. "Nirudishe mzigo wangu kwa sababu ya domo lako? Haya, kaa hapohapo mlangoni, ulinde ndoa yako."

Akazipanga nje kandokando ya ukuta, akafunga turubai, akaweka kiti na birika, akaanza kuuza.

Siku kumi na saba, Mungu ni shahidi, mwanamume mzima mwenye wajukuu alikaa kizingitini kama golikipa. Mteja akirudisha pikipiki nyuma kidogo ili ageuze, Sanad anaruka: "Wee! Wee! Simama hapo! Utaniachisha mke!" Moza aliuza kumi na mbili. Sanad aliuza kofia moja ya kuendeshea, na aliyeinunua alikuwa mteja wa Moza.

Nilimwambia, "Shemeji, acha ujinga. Nenda kwa Shehe Duaij umuulize. Msikiti huo hapo."

"Niende nikamwambie nini? Watu waseme Sanad kala matapishi yake?"

"Kwani kukaa hapo mlangoni unadhani wanakusifu?"

Akaninunia siku mbili. Raha iliyoje.

Siku ya kumi na saba, baada ya adhuhuri, mvua ikatubwagia. Mnajua mvua ya kwetu, nusu saa tu barabara zote bwawa. Maji yakamfunika Moza miguu, yakapanda mpaka nusu ya ngazi ya chini ya duka. Zilibaki pikipiki nane na maboksi ya betri, na mahali pamoja tu ndipo palipokuwa pakavu, ndani ya duka. Akashika usukani wa ya kwanza, akaisogeza mpaka chini ya kizingiti, akasimama. Mimi nilikuwa nimekumbatia boksi la betri, nimelowa chepechepe.

"Moza, usiingize," Sanad akasema. "Nakuomba. Usiingize."

"Unaogopa?"

"Naogopa, ndiyo! Nitaishije bila wewe?"

"Leo ndiyo unaogopa." Dada yangu alikuwa analia, au ni mvua, lakini sauti yake haikutetemeka. "Mimi nilikwenda kwa Shehe Duaij siku ileile ulipoapa. Akaniambia jambo hili linategemea nia yako, uje mwenyewe umweleze. Nikangoja. Siku kumi na saba, Sanad! Msikiti ni hatua hamsini! Ukaona afadhali nining'inie mimi kuliko wanaume wenzako wakucheke. Kila ukitaka mgeni ale kijiko kimoja zaidi, unaniweka rehani mimi."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, kaka, unacheka."

Nilitaka boksi lile linizamishe.

Sanad akatazama maji. Akavua kandambili, akapandisha kanzu mpaka magotini, akatumbukia majini kwenda msikitini, zile hatua hamsini, huku baraza zima limejazana dirishani. Alikaa huko muda mrefu. Moza hakutoa mkono kwenye usukani.

Aliporudi alikuwa kama kuku aliyenyeshewa. "Nimemwambia nilikuwa najigamba tu, sikukusudia kuacha. Amesema ndoa ipo, ila nilishe masikini kumi kwa kile kiapo." Akakamua pindo la kanzu. "Halafu akaniuliza kama hiki ni kiapo cha kwanza."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia mke wangu anavikumbuka."

"Navikumbuka," Moza akasema.

Sanad akashika usukani upande wa pili, wakaipandisha pamoja, ikavuka kizingiti. Kisha tukaingiza saba zilizobaki. Kutoka dirishani mtu alipiga vigelegele, na Sanad akamtukana tusi ambalo sitalirudia hapa.

Tangu hapo kila Ijumaa mchana kunapikwa machbus, wali wa viungo kwa kuku, mbele ya duka, na madereva kumi, ndio masikini wa kiapo, wanakuja na pikipiki zao za umeme, wanaegesha palepale kwenye kizingiti. Sanad mwenyewe ndiye mpakuaji. Moza anavifuata viapo vyote vya zamani kwa mpangilio, kila Ijumaa kimoja, na juzi tumefika mwaka aliozaliwa Faraj, mtoto wao wa kwanza.

Ijumaa iliyopita Mbangladeshi mmoja akafunika sahani kwa kiganja, ameshiba. Sanad akamkazia macho, mwiko hewani.

"Mke wangu..."

Moza alikuwa anapita na birika. Akasimama. Wote tukaacha kutafuna.

"Mke wako nini?"

"Mke wangu," Sanad akasema polepole, "amepika mwenyewe, bwana. Ongeza kidogo tu."

Yule dereva akaondoa kiganja.