Uwanja Uliotusemea

Baada ya mama wa binti yangu na mimi kutengana, Jumamosi zilikuwa zangu. Nilikuwa nimesoma hadi chuo kikuu na nilifanya kazi ya ofisi katika mtaa wa Edgbaston, Birmingham, lakini sikujua la kumwambia mtoto wa miaka kumi tangu asubuhi hadi jioni. Nilimsemesha kwa Kiswahili. Alielewa yote, akanijibu kwa Kiingereza, neno mojamoja. Ndipo nikampeleka kwenye mbio za magari.

Haukuwa uwanja wa fahari. Ilikuwa njia ya lami yenye umbo la yai, iliyotandazwa mahali ambapo viwanda vya Birmingham vilimwaga majivu na taka kwa vizazi. Mama mmoja aliyeuza chai pale tangu ujana wake ndiye aliyetusimulia. Madereva wa kwanza, alisema, walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya magari: siku za kazi waliyaunda, mwisho wa wiki wakayagonganisha.

"Viwanda vikafungwa," alisema, "sisi tukaendelea kugongana."

"Na mpaka leo hawajajifunza kuendesha?" binti yangu alimwuliza.

"Wakijifunza, kipenzi, chai yangu atainunua nani?"

Desturi ya pale iliwaweka madereva hodari nyuma kabisa, na wanagenzi mbele, ili ushindi utafutwe kwa jasho. Injini ziliponguruma tulivaa viziba masikio, na mazungumzo hayakuwezekana tena. Kwangu ilikuwa nafuu, sifichi. Tukabuni lugha ya mikono. Ngumi kifuani iliuliza: unasikia baridi? Kidole gumba kuelekea kibandani: chai? Viganja viwili vikizungushwa hewani viliomba tubaki kwa mbio moja zaidi. Katika lugha hiyo hakuwahi kunijibu kwa mkato.

Kisha ardhi ile ikatakiwa kwa shughuli nyingine, lango likafungwa.

Jumamosi iliyofuata tuliketi mkahawani, katikati ya jiji.

"Shule inaendeleaje, mama?"

"Salama."

"Na walimu?"

"Baba, nao salama. Wote salama."

Kijiko changu kilisikika kikigonga kikombe. Baadaye ikaja mitihani, kisha marafiki, kisha chuo katika mji mwingine, na Jumamosi zikanirudia nzima nzima. Mara kadhaa nilipanda basi kutoka mtaani kwangu Lozells, nikaenda kusimama nje ya uzio. Magugu yalikuwa yameota kwenye kona ile ambayo magari yalipenda kupinduka. Kimya cha pale kilifanana mno na cha nyumbani kwangu.

Majira ya baridi yaliyopita alikuja kunitembelea. Nilipika ugali na sukuma. Alikula, akasifu, akaosha vyombo. Nilipomsindikiza kituoni aliketi dirishani, injini ya basi ikawashwa, nami nikadhani atainamia simu yake.

Aliweka ngumi kifuani.

Nilitikisa kichwa kukana, ingawa nilikuwa nikitetemeka. Kisha nikainua viganja viwili, nikavizungusha hewani, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya foleni ya abiria. Basi lilikuwa limekwisha kuanza kurudi nyuma, na kioo kilikuwa na ukungu. Sijui kama aliona.