Nyati wa Madoa wa Obed

Damaris Patiung ana roho nzuri kwa kila kitu ila kimoja: mdogo wake Obed akipata, yeye chakula hakishuki. Nasema haya nikiwa jirani yake, nyumba zetu zinatazamana, na mwenyewe anajua kuwa nayasema.

Na nani angemlaumu? Obed aliondoka akiwa kijana kwenda kwenye migodi ya Papua. Damaris akabaki na mama yao na shamba la mpunga la kwenye chemchemi, lile lisilokauka hata kiangazi kikiwa kikali. Alililima kwa nyati wake mweusi, tope mpaka magotini. Jioni anamwogesha mama, anamtwangia tambuu kwa kuwa meno yalikwisha. Mama anatafuna, anatema, kisha anasema, "Obed wangu angekuwepo, angenijengea bafu." Eti asiyekuwepo na lake halipo. Thubutu! Kwa mama yule, asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na kila kitu.

Mama akakata roho. Kwetu Toraja mzazi haitwi marehemu mpaka siku ya maziko. Ni mgonjwa, amelala chumba cha kusini, na asubuhi anapelekewa kahawa yake. Damaris aliendelea kumpelekea mwaka mzima, huku ukoo ukijikusanya. Ndipo habari zikapanda mlima: Obed anarudi, na amenunua nyati wa madoa, mweupe mwenye mabaka meusi na macho ya buluu, bei yake sawa na gari.

Ingekuwa fahari tu, tungevumilia. Lakini kwetu urithi unakatwa kwa nyati. Mtoto atakayechinja nyati bora kwenye maziko ya mzazi ndiye anayechukua shamba bora. Damaris alikuwa na nyati mmoja, yule mweusi wa kulimia. Shamba la chemchemi lilikuwa linamtoka mikononi anaona.

Asubuhi moja nilimkuta chumba cha kusini, kikombe mkononi, anamfokea mgonjwa.

"Umesikia, Mama? Mwanao kaleta mnyama wa macho ya buluu! Haya, furahi! Na mimi niliyekuogesha, nina kipi?"

"Dada Damaris, utamwamsha," nikamtania.

"Aamke! Aamke aniambie nilimkosea nini."

Hakucheka. Akaniambia amekwenda mnadani kwa mchuuzi wa nyati, na yeye ataletewa wa madoa, wa kukopa, ghala lake la mpunga liwe rehani.

"Una wazimu wewe? Huo mkopo wataulipa mpaka wajukuu zako."

"Wacha walipe. Obed hatanipita mbele za watu."

Nilimgombeza, lakini moyoni nilitaka ashinde. Mimi pia yule Obed, tangu arudi na saa yake ya dhahabu, alikuwa ananikera.

Mchungaji wetu, Tangdi, akaja kuiombea familia. Damaris hata hakumngoja akae vizuri.

"Mchungaji, mwambie Obed tugawane lile shamba nusu kwa nusu. Wewe atakusikia."

Mchungaji akapuliza kahawa yake. "Kuna mtu alimwomba Bwana Yesu maneno haya haya, Mama. Bwana akamkatalia kuwa mgawa urithi, akawaonya wote juu ya choyo."

"Choyo changu mimi? Mbona humwendei mwenye macho ya buluu?"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemwambia hivyo hivyo, naye kakasirika kama wewe. Sasa nikuulize: ukilipata shamba kwa nyati wa kukopa, utakuwa umelipata wewe, au limekupata lenyewe?"

Nilitamani nimmwagie ile kahawa. Mtu ana kidonda, unamtia chumvi!

Siku ya mchuuzi ikafika. Akaja anamvuta mnyama, manyoya yamesuguliwa yanang'aa, watoto nyuma wanashangilia. Damaris akashuka ngazi, akapokea kamba. Nikajua yamekwisha. Akasimama nayo, anamtazama mnyama, analitazama ghala lake. Halafu akairudisha kamba.

"Mrudishe."

"Aa, Mama! Si tulikubaliana?"

"Nilikubali kwa wivu. Nenda, baba, nenda upesi kabla sijageuka."

Siku ya maziko kipaza sauti kikanguruma: "Obed Patiung, nyati wa madoa!" Kiwanja kizima kikaitika. Kisha: "Damaris Patiung, nguruwe mmoja!" Nyati wake mweusi alikuwa amemwacha zizini, wa kulimia.

"Hee! Nguruwe?" akasema binamu yao mmoja kwa sauti ya kusudi. "Na ndiye aliyelala na mama nyumba moja!"

Damaris aliona nyati akianguka, akaona wazee wakimtamkia Obed shamba la chemchemi. Niliushika mkono wake.

"Namwonea wivu mpaka meno yananiuma," akaninong'oneza. "Usiniachie."

Jioni tulikuwa ngazini kwake, Obed akaja, viatu vimejaa tope.

"Dada, umenifanyia nini? Nilijua utaleta nyati. Nilijiandaa kushindana."

"Shamba si umepata? Unataka nini tena, nikupigie vigelegele?"

Obed akakaa kwenye ngazi ya chini. "Kila nikimpigia Mama simu, habari ni zako tu. Damaris kavuna, Damaris kanipikia mchuzi mtamu. Namwambia nimepanda cheo, ananijibu, 'Damaris angesoma, angekuwa bosi wako.' Miaka yote hiyo, dada! Nilimnunua yule nyati ili nikupite japo siku moja."



"Mimi hakunisifu hata siku moja," akasema Damaris polepole. "Alikuwa anakusifu wewe."

Wakatazamana. Kule kiwanjani watu walikuwa wanagawana nyama, wanaitana majina.

"Basi," akasema Damaris, "yule mnyama tumemchinja bure."

Obed akaanza kulia, mtu mzima yule. Dada yake akashuka akakaa ngazi moja naye, ila si karibu sana.