Leso Nyeupe ya Mwalimu wa Dini

Mwalimu wa dini wa shule yetu, hapa kisiwani Pate, ana mikono safi kuliko ya daktari. Akimaliza kuandika ubaoni, hupangusa chaki kidole kimoja kimoja kwa leso nyeupe. Sauti yake ni ya upole hata anapodhulumu. Kila kipindi chake huwatoa nje watoto wanne Wakristo: "Nyinyi hamna mwalimu. Shikeni fagio." Wamefagia mwaka mzima, na mtihani wa dini yao ni mwezi ujao. Jana Keziah, binti wa askari kutoka bara, alimwambia, "Mwalimu, uwanja tumeshaufagia. Tunaomba tusome." Akakunja leso taratibu. "Basi fagieni ndia ya msikitini, mwanangu." Mimi, Muislamu mwenzake, nafundisha darasa la jirani na nilikuwa nimenyamaza muda wote huo. Nilitoka, nikampokea Keziah ufagio, nikauweka katika ile mikono safi.