Mlango Uliogeuka Meza Magongo

Saa moja asubuhi, Eddah Baya anapanga vikombe vya uji juu ya mlango.

Ni mlango kweli, wa mbao nzito, umelazwa juu ya matofali uani. Tundu la ufunguo bado liko, na matundu ya misumari yameuzunguka pande zote. Akina mama kumi na watoto wao hula hapo kila siku, na mgeni asiyeambiwa hajui ameegemea nini.

"Karibu mezani," anasema Eddah huku akicheka. "Hii meza imenigharimu."

Eddah, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Kaloleni, ndiye mlezi wa Makao ya Tulia, nyumba ya hifadhi kwa wanawake wasio na pa kulala hapa Magongo, Changamwe. Hupika, hufagia, hupokea wageni. Anayebisha hodi na mtoto mgongoni hapewi maswali. Hupewa maji kwanza.

Mwaka jana wezi waliingia kwa mlango wa nyuma wakabeba magodoro. Uongozi haukutafuta mlinzi. Uliupigilia mlango misumari, ukapanga vitanda mbele yake, kisha ukajisifu kwamba usalama umeimarishwa na nafasi zimeongezeka. Wapo watu wenye bahati ya kuridhika upesi.

Mvua za masika zilipochacha, mtu aliingiza jiko la makaa ndani ili nguo za watoto zikauke. Cheche ikashika chandarua karibu na mlango wa mbele. Moshi ulipojaa, wote wakakimbilia nyuma.

Mwanakheri, bibi wa miaka sabini aliyebomolewa nyumba Likoni, alikuwa wa kwanza kufika.

"Tulipindua vitanda, nikausukuma ule mlango, wapi! Watoto wanilia miguuni," anasimulia, akifunua mkono wenye kovu la moto. "Wallahi nalishatoa shahada. Mara namsikia Eddah yuwaupiga mlango kwa nje."

Eddah alikuwa kibarazani akitwanga. Mchi aliokuwa nao mkononi ndio alioutumia, mpaka fremu iliyooza ikaachia, wote wakatoka.

"Asingetoka mtu," anasema, na sasa hacheki. "Hata mmoja."

Baada ya wiki moja, mafundi waliletwa kuupigilia mlango uleule. Eddah aliwaacha wamalize, akawapa chai, wakaenda zao. Kisha akauchukua mchi wake tena.

Meneja, Lenox Tinga, alimkata mshahara kwa kuharibu mali. Eddah hakubishana.

"Kama nimeulipia, basi ni wangu," alimwambia. "Nami nimeamua uwe meza."

Tangu hapo, mlango wa nyuma ni uwazi uliofunikwa kwa leso. Eddah hulala hapo mwenyewe, mchi ubavuni, wezi wakipenda waje. Jumamosi, wakishamaliza kufua, huwafunga wenzake leso machoni, wakubwa kwa wadogo, na kuwaamuru watambae hadi uani wakipapasa ukuta, kana kwamba moshi umejaa. Majirani huchungulia na kuangua vicheko. Mwanakheri, pamoja na magoti yake mabovu, ndiye hutangulia.

Anachodai Eddah si anasa: milango miwili ambayo aliye ndani ataifungua bila ufunguo, nafasi ya kupita kati ya vitanda, na kibanda cha kupikia ili mvua isilete jiko chumbani.

"Hatuna kwetu, sawa. Lakini nani kasema asiye na nyumba aunguzwe?"

Uji haujaisha, Lenox anaingia. Wafadhili wanakuja Jumatatu.

"Mama Eddah, mlango urudi na vitanda vipangwe. La sivyo, utaondoka wewe. Wezi wakirudi nitajibu nini mimi?"

"Utajibu kwamba magodoro hununuliwa," anasema Eddah, akimsogezea kikombe. "Karibu uji, mwanangu."

Lenox hakai. Anautazama mlango uliojaa vikombe, kisha anatoka.

Eddah amekwisha kuzungumza na seremala wa Barabara ya Magongo. Anataka mlango mpya, mwepesi, unaosukumwa kwenda nje, wenye komeo upande wa ndani ambalo hata mtoto atalifikia. Ataulipia kidogo kidogo.

Na akifukuzwa kabla haujafika?

"Nitatoka," anasema, akikusanya vikombe. "Ila wanitoe kwa nyuma, mchana, hao wafadhili wakiona. Wajue panapitika."