Seti Si Garasa

Kwanza tuelewane. Kuanzia Pasiansi mpaka stendi ya Buzuruga, hakuna aliyewahi kuwafunga Projest na mkewe Teodora mchezo wa arubastini. Anayebisha aje na karata zake. Wawili hao walicheza upande mmoja, na aliyekaa upande wa pili alikuwa amejitakia. Teodora alizibeba zote kichwani: zipi zimetoka, zipi zimebaki, nani anaficha nini. Akikohoa, Projest anaitupa seti. Akinyamaza, Projest anaibana. Walioita huo wizi walikuwa wale wale waliofungwa.

Seti ni ile karata ya saba. Kwenye arubastini ina pointi kumi, na ni ree peke yake, ile karata ya moja, inayoizidi. Seti ya kopa ikiwa mkononi mwa Teodora ilikuwa kama mtoto wa mwisho, haitoki nje mpaka mama ameangalia kushoto na kulia. Aliishika pembeni kwa dole gumba lililopinda kidogo, huku akitafuna buni za kwao taratibu.

Basi huyo Teodora sasa alikuwa Bukoba, mwezi wa kumi na nne. Kiwanda cha nguo kilipata mwekezaji, mwekezaji akaandika orodha ya watu wa kupunguzwa, na jina la Projest likawa la tatu kutoka juu. Teodora hakulia wala hakutukana. Alifunga mizigo, akamshika mkono binti yao Odeta, akasema anakwenda kwao kusaidiana na dada yake Kokulinda kuuza ndizi.

"Ukipata kazi, Baba Odeta, niandikie. Barua yenye neno kazi ikifika, napanda meli inayofuata."

Projest alimwandikia barua nane. Aliandika habari za mvua, za paa, za jogoo aliyeibiwa. Neno lenyewe hakuwa nalo.

Mwaka wa tisini na nane, mvua za El Nino zimekwisha lakini barabara bado zinaugulia, hoteli moja mpya ya ufukweni ilitangaza kwamba inafungua kasino. Walitaka mtu mmoja wa kusimama nyuma ya meza za mchezo wa ishirini na moja, awanase wajanja wanaohesabu karata. Na wa kumnasa mhesabuji lazima ahesabu kumzidi.

Msimamizi alikuwa bwana mwembamba wa tai, jina lake Alexander. Aliwaeleza waombaji kazi mtihani wenyewe. Mbili hadi sita, ongeza moja. Kumi, wazungu wa picha na ree, toa moja. Saba, nane na tisa, ziache zipite. Pakiti nzima ikiisha, unarudi kwenye sifuri. Sasa yeye ataficha karata moja, wewe uhesabu zile hamsini na moja kwa nusu dakika, kisha umwambie iliyofichwa ni kubwa, ndogo, au garasa.

"Na saba ni garasa?" Projest aliuliza.

"Ndiyo, mzee wangu. Haina kazi."

Projest alicheka. Alicheka peke yake, waombaji wengine wakamgeukia.

Alipewa wiki mbili za kujiandaa. Jirani yake Shimba, fundi saa, akajitolea kumpimia muda, maana saa zilizokuwa mezani kwake zilikuwa nyingi, na mbili kati ya hizo zilikuwa zinatembea. Siku ya kwanza Projest alitumia dakika mbili na ushee, akaishia kwenye hasi tatu.

"Profesa," Shimba akasema, "unahesabu karata au unaita mahudhurio ya darasa? Kila moja unaitaja jina!"

"Nisipoitaja nitaijuaje, wewe ngosha?"

"Mkeo ulikuwa unamtaja jina kila akipita mlangoni? Funga mdomo. Tazama tu."

Akafunga mdomo. Siku tatu midomo iligoma, ikawa inachezacheza kama ya mtu anayesali rozari. Siku ya nne ikatulia. Kisha akagundua kuzichukua mbili mbili: tano ikitoka na mzungu zinauana, hana haja ya kuzihesabu, anaruka. Akafungulia redio mpaka mwisho ili azoee kelele. Wilhelmina, mke wa Shimba, akawa anakuja kwa makusudi kumuuliza bei ya dagaa katikati ya hesabu, naye anajibu bila kupoteza namba. Sekunde hamsini. Sekunde thelathini na tano. Sekunde ishirini na nane! Tusidanganyane, darasa la saba la zamani halikuwa mchezo.

Ila mwisho wa pakiti, badala ya sifuri, alikuwa anaishia kwenye hasi moja. Kila mara.

Shimba alimchunguza siku nzima kama anavyochunguza saa iliyolowa maji.

"Nimeiona," akasema. "Ni seti ya kopa. Ikitoka tu, kidole kinasita, halafu unaitoa moja kama vile ni ree."

"Siitoi mimi. Inajitoa."

"Hotelini hiyo ni saba tu, bwana."

"Seti siyo saba."

Kila ikitokea, Projest anaona dole gumba la Teodora lililopinda. Anasikia buni zikivunjika menoni. Hesabu inaendelea, lakini yeye anabaki nyuma kidogo, pale pale, na moyo unailipa ile karata heshima yake.

"Iite garasa," Shimba akasema. "Kila ikitoka, itukane. Unataka kazi hutaki?"

Alitaka kazi. Alitaka kuandika barua ya tisa. Kesho yake asubuhi alikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, akaiweka seti ya kopa juu ya goti, akaiambia garasa. Mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri. Akarudia mpaka jua likapanda. Siku iliyofuata akarudia tena. Alhamisi karata ile ikapita mbele ya macho yake kama abiria asiyemjua, na hesabu ikatua kwenye sifuri. Shimba akapiga makofi. Projest akairudia pakiti polepole, akaitafuta seti ya kopa, akaitazama. Dole gumba halikuja.

Mtihani aliufanya kwa sekunde ishirini na sita.

"Kubwa, ndogo, au garasa?" Bwana Alexander akauliza, kidole juu ya karata iliyofichwa.

"Garasa."

Ikafunuliwa: nane ya pau. Alianza kazi Jumatatu, na barua yenye neno kazi, lililopigiwa mistari miwili, ikavuka ziwa.

Teodora alishuka bandarini Jumamosi asubuhi na mkungu wa ndizi, na Odeta aliyerefuka mpaka baba yake akamwamkia kama mgeni. Hata kabla mizigo haijafunguliwa, Shimba alishatuma salamu za vita. Jumapili, baada ya misa, meza ikatolewa nje: Projest na Teodora huku, Shimba na Wilhelmina kule.

Ilikuwa raha. Teodora alikuwa amekonda kidogo, na alicheka na kila mtu. Kisha Shimba akashusha ree ya pau. Teodora akanyamaza. Projest alisikia vizuri kwamba amenyamaza. Mkono wake ukatafuta karata isiyo na kazi, ukaiona, ukaitupa.

Seti ya kopa.

Shimba mwenyewe hakuzikusanya. Wilhelmina akaangalia pembeni.

"Baba Odeta," Teodora akasema. "Umempa Shimba seti?"

"Imeponyoka."

"Haijaponyoka. Umeitupa."

Alimtazama kwa muda, kama anayetafuta kovu analolijua kwenye uso wa mtu. Projest akatamani kumweleza, lakini angeanzia wapi? Kwamba ni kwa sababu yake? Miezi kumi na minne alimkumbuka akiwa ng'ambo ya ziwa. Sasa alikuwa mbele yake, magoti yao yanagusana chini ya meza, na bado alikuwa anamkumbuka.

Teodora akakusanya karata zote, za Shimba na za Wilhelmina pia, akazichanga.

"Tunaanza upya," akasema. "Na wewe utahesabu pointi kwa mdomo, nikusikie."

"Nimejifunza kufunga mdomo."

"Ufungue."

Akaanza kumfunulia moja moja mezani.

"Ree," Projest akasema. "Kumi na moja."

"Ehe."

"Mzungu wa nne. Nne."

"Ehe."

Ikatoka seti ya uru. Projest akaitazama, midomo ikacheza, lakini ile kumi haikutoka. Teodora hakumsaidia. Aliweka pakiti chini, akakunja mikono, akangoja.